Laptopu Mpya na Mashine ya Kuchonga ya Zamani



Mzazi mmoja ambaye ni seremala alitujia na swali. Amepata mashine ndogo ya CNC iliyotumika, yaani mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, lakini laptopu ya kijana wake haina tundu la kuchomeka waya wake. Je, aiuze? Kwa kuwa swali hili linagusa fedha ya familia, tumeona tulijibu hapa ili na wengine wafaidike. Wala ufundi si jambo geni Ufipa: wazee wetu waliyeyusha chuma katika malungu, zile tanuri ndefu za udongo, wakafua majembe.

Kwanza ifahamike kwamba mashine za zamani za aina hii zina tundu pana la pini 25, lile lile lililotumika kwa printa. Kompyuta ndiyo iliyotoa mapigo ya umeme kupitia pini hizo, na kila pigo moja lilisogeza mota hatua moja. Mapigo yakichelewa hata kidogo, mota inaruka hatua na herufi inatoka imepinda.

Hapo ndipo watu wanapopoteza fedha. Madukani kuna waya wenye USB upande mmoja na pini 25 upande wa pili, na muuzaji atakuapia kwamba unafaa. Unafaa kwa printa tu! Printa haijali herufi ikichelewa, lakini mota inajali. Programu za zamani kama Mach3 hazitautambua waya huo kuwa tundu halisi.

Dawa yake ni kuinyang'anya laptopu kazi ya kuhesabu mapigo na kumpa mwingine. Huyo ni kibao kidogo cha Arduino Uno kilichowekwa programu ya bure iitwayo GRBL, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogseth wa Norway. Laptopu inatuma maagizo tu kwa USB, mfano G1 X50 F300, maana yake: nenda mpaka milimita 50 kwa mwendo wa milimita 300 kwa dakika. Kibao ndicho kinachotoa mapigo kwa wakati wake.

Katika kibao hicho, pini 2, 3 na 4 hutoa hatua za mihimili ya X, Y na Z, na pini 5, 6 na 7 hutoa mwelekeo. Ziunganishwe na pini zinazolingana nazo kwenye lile tundu la 25. Mpangilio wake hutofautiana kwa kila mashine, hivyo tafuta karatasi yake kwanza. Usisahau waya wa ardhi, ambao kwa kawaida ni pini 18 hadi 25. Fanya yote haya umeme ukiwa umezimwa.

Kwenye laptopu, weka programu ya kutuma maagizo kama Universal Gcode Sender, chagua mlango wa kibao na kasi 115200. Vibao vingi vya bei nafuu huhitaji draiva ya CH340 ndipo laptopu ivione.

Sasa vipimo. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, ikigawanywa mara 8, na skrubu inayosogea milimita 8 kwa mzunguko, inahitaji hatua 200 kwa milimita: andika $100=200 kwa mhimili wa X. Kisha agiza milimita 100 na upime kwa rula. Ikienda 50, andika 400. Hesabu ya darasa la tano hiyo!

Jambo moja linasahaulika sana. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri yake na kuonyesha kwamba kazi inakwenda, ilhali mashine imesimama na haijui tena ilipo. Ukirudi, usiendelee palepale. Rudisha mashine mwanzo ndipo uanze. Pia zima usingizi wa laptopu, kwani ikilala katikati ya kazi kisu kitabaki kinazunguka mahali pamoja na kuunguza mbao. Kitufe chekundu cha kukata umeme kiwe karibu na mkono, na miwani machoni, hata kama unachonga jina la mwanafunzi kwenye kipande cha paina.