Je, Wajua? Risasi Zinazoitana

Je, wajua kwamba shambulio la risasi likishatangazwa nchi nzima, hatari ya kutokea jingine la namna hiyohiyo hupanda, na hukaa juu kwa wastani wa siku 13? Hilo lilibainishwa mwaka 2015 na watafiti wa Marekani wakiongozwa na Sherry Towers wa Chuo Kikuu cha Arizona State, kwa kutumia hisabati inayofanana na ile ya kufuatilia maambukizi ya magonjwa. Walikuta kuwa kila mashambulizi 10 ya shuleni huzaa mengine 2 hivi, na kila matukio 10 ambamo watu wengi wameuawa huzaa mengine 3.

Kilichonishtua zaidi ni kile ambacho hawakukiona. Matukio ambamo watu kadhaa walipigwa risasi lakini waliokufa walikuwa wachache hayakuonyesha dalili yoyote ya kuambukiza. Marekani matukio ya aina hiyo ni mengi mno kiasi kwamba hayapati nafasi nje ya vyombo vya habari vya mkoani. Watafiti wakadokeza kwamba huenda kinachoambukiza ni ukubwa wa habari yenyewe.

Mwandishi wa habari hawezi kulisoma jambo hilo kisha akaendelea kuandika kama zamani. Ndiyo maana katika ukurasa huu utakuta majina ya miji, ya viongozi na ya watafiti, lakini hutakuta jina la muuaji hata mmoja.

Je, wajua kwamba wapo waliosema waziwazi kuwa umaarufu ndio walioutaka? Agosti 2015, huko Virginia, mtu mmoja aliwapiga risasi mwandishi wa televisheni na mpigapicha wake wakiwa hewani mubashara. Baada ya hapo kijana wa miaka 26 aliyeishi Oregon aliandika mtandaoni kwamba mtu yule jana alikuwa hajulikani na yeyote, leo anajulikana na kila mtu. Yaonekana, aliandika, kadiri unavyoua wengi ndivyo unavyomulikwa zaidi. Oktoba 1 kijana huyo aliingia katika Chuo cha Umpqua, karibu na mji wa Roseburg, akaua watu 9. Mkuu wa polisi wa eneo lile, John Hanlin, alisimama mbele ya kamera akasema hatamtaja muuaji kwa jina, maana hataki kumpa sifa aliyoitafuta. Waandishi wengi walilitangaza jina hilo hata hivyo, siku ileile.

Huko Marekani wazazi waliofiwa na mtoto wao katika shambulio la ukumbi wa sinema mjini Aurora, Colorado, mwaka 2012, walianzisha kampeni ya kuviomba vyombo vya habari viache kuwapa wauaji jukwaa. Hawakuomba habari zifichwe. Waliomba jina na picha ya muuaji visirudiwerudiwe, na nafasi hiyo wapewe waliouawa na waliookoa wenzao. Ombi dogo kuliko hilo sijawahi kulisikia kutoka kwa mtu aliyezika mwanawe kwa sababu ya risasi.

Je, wajua kwamba muuaji mmoja wa Finland alihojiwa na polisi siku moja tu kabla ya kuua? Mambo yalianzia Novemba 7, 2007, katika mji wa Jokela, ambako mwanafunzi wa miaka 18 aliua watu 8 shuleni kwake baada ya kutangaza nia yake kwenye YouTube. Finland ilitikisika, Serikali ikaahidi kuzitazama upya sheria za silaha, na mjadala ukaburuzwa. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Nchi ile ilinyolewa yenyewe na bado ikachelewa. Agosti 2008 mwanafunzi mwingine, wa mji wa Kauhajoki, alipewa kibali cha bastola ndogo. Alikuwa akifuatilia habari za Jokela. Naye akaanza kuweka mtandaoni video akifanya mazoezi ya kulenga shabaha. Septemba 22 polisi walimwita, wakamuuliza maswali, wakaona hakuna sababu ya kisheria ya kumnyang'anya silaha. Akarudi nayo nyumbani. Kesho yake aliua watu 10 chuoni. Kati ya tukio la kwanza na la pili haukupita mwaka mmoja. Baada ya hapo ndipo masharti yalipokazwa, ikiwemo kupandisha umri wa chini wa kumiliki bastola hadi miaka 20.

Wajua pia kwamba kuiga kunavuka bahari? Julai 22, 2011, mtu mmoja aliua watu 77 nchini Norway, 8 kati yao kwa bomu mjini Oslo na 69 katika shambulio la risasi kisiwani Utøya, wengi wakiwa vijana waliokuwa kambini. Miaka mitano baadaye, tarehe ileile kabisa, kijana mmoja aliua watu 9 mjini Munich, Ujerumani. Machi 15, 2019, muuaji aliyeandika kwamba alivutiwa na yule wa Norway aliua Waislamu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, wakati wa swala ya Ijumaa. Walikuwemo watu wenye asili ya Somalia, na mdogo kuliko wote alikuwa mtoto wa miaka 3. Agosti mwaka huohuo, aliyeua watu 23 dukani mjini El Paso, Texas, aliandika kuwa anamuunga mkono yule wa Christchurch. Mei 14, 2022, mwingine akaua watu 10 weusi katika duka la vyakula mjini Buffalo, New York, naye akamtaja yuleyule kuwa ndiye aliyemfungua macho.

Wa Christchurch alirusha mauaji yake mubashara kupitia Facebook. Kampuni hiyo ilisema kwamba ndani ya saa 24 iliondoa nakala milioni 1.5 za video ile, na kati ya hizo milioni 1.2 zilizuiwa zikiwa bado zinapakiwa. Maana yake ni kwamba nakala 300,000 hivi ziliwahi kupanda. Nani alizipakia? Watu wa kawaida, wengi wao pengine wakiwa na hasira na huzuni, wakidhani wanawaonyesha wenzao unyama uliotendeka. Wa Buffalo alitumia mtandao wa Twitch, ambao ulisema ulikata matangazo yake kabla dakika 2 hazijapita tangu risasi zianze kulia. Hata hizo chache zilitosha kunakiliwa na kusambazwa.

Siku nne baada ya msiba wa Christchurch, Waziri Mkuu Jacinda Ardern alifungua hotuba yake bungeni kwa kusema "As-salaam alaikum", akaahidi kwamba hatalitaja jina la muuaji kamwe. Bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku bunduki nyingi za nusu otomatiki Aprili 10, kwa kura 119 dhidi ya 1. Kutoka msiba hadi sheria hazikutimia siku 30.

Je, wajua kwamba misiba miwili ya mwaka 1996, iliyopishana kwa siku 46 tu, ndiyo iliyobadilisha sheria za silaha za Uingereza na Australia? Machi 13, katika mji mdogo wa Dunblane, Scotland, mtu mwenye bastola alizozimiliki kihalali aliingia shule ya msingi akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mcheza tenisi Andy Murray alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo, na alikuwa shuleni siku ile. Aprili 28, upande wa pili wa dunia, huko Port Arthur katika kisiwa cha Tasmania, mtu mmoja aliua watu 35. Daktari wa magonjwa ya akili Paul Mullen, aliyemhoji baadaye, alisema kuwa habari za Dunblane zilikuwa na mchango katika kumfikisha pale.

Baada ya Dunblane wazazi na majirani walianza kukusanya saini za kutaka bastola zipigwe marufuku. Kampeni yao waliipa jina la ua dogo jeupe linalochanua mwishoni mwa kipupwe, kwa sababu ndilo lililokuwa limechanua wakati watoto wale walipouawa. Waliondoka na saini zaidi ya 700,000, na ikumbukwe huo ulikuwa wakati wa karatasi na kalamu. Serikali ya John Major ikapiga marufuku bastola nyingi mapema mwaka 1997, na ya Tony Blair iliyofuata ikamalizia zilizobaki mwaka huohuo.

Australia mambo yalikwenda kasi zaidi. John Howard alikuwa hajatimiza hata miezi miwili ya uwaziri mkuu, na chama chake kilikuwa na wafuasi wengi vijijini, ambako bunduki ni kitu cha kila siku shambani. Siku 12 tu baada ya msiba, Mei 10, alizikubalisha serikali za majimbo yote kuweka masharti mapya. Silaha zipatazo 650,000 zikanunuliwa na Serikali na kuharibiwa, kwa fedha zilizotokana na nyongeza ya muda katika makato ya bima ya afya. Juni alikwenda mji wa Sale, jimbo la Victoria, kuwahutubia wakulima waliokasirika, akiwa na fulana ya kuzuia risasi chini ya koti. Fulana ile ilionekana, watu wakachukia, na yeye mwenyewe alikuja kusema anajuta kuivaa. Kiongozi anayewaendea wapiga kura wake mwenyewe kuwaambia wasichotaka kusikia ana haki ya heshima yetu, tukikubaliana naye katika mengine au la.

Na Marekani? Huko haki ya kumiliki silaha imo ndani ya Katiba tangu mwaka 1791, na kila msiba huwavuta watu pande mbili. Bunduki iliyomuua Rais John F. Kennedy mwaka 1963 ilinunuliwa kwa posta kupitia tangazo la jaridani, kwa bei isiyofika dola 22 pamoja na gharama za kutumiwa. Sheria ya kuzuia biashara hiyo ilisainiwa Oktoba 1968, baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy nao kuuawa mwaka huo. Rais Ronald Reagan alipopigwa risasi Machi 30, 1981, msemaji wake James Brady alipata jeraha la kichwa lililomlemaza maisha. Sheria ya kuwachunguza wanunuzi iliyobeba jina la Brady ilichukua zaidi ya miaka 12 kusainiwa. Aliyempiga Reagan alikuwa ameitazama mara nyingi filamu ya Taxi Driver ya mwaka 1976, na hadithi ya filamu hiyo nayo ilichota kwenye tukio la kweli: mwanasiasa George Wallace alipigwa risasi mwaka 1972 alipokuwa akiwania urais.

Desemba 14, 2012, watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya Sandy Hook, Connecticut. Aprili iliyofuata, pendekezo la kupanua uchunguzi wa wanunuzi wa silaha lilipata kura 54 katika Seneti. Zilihitajika 60, likafa. Wakati huohuo watu walikimbilia madukani wakihofia marufuku. Wachumi Phillip Levine na Robin McKnight wa Chuo cha Wellesley walikadiria kuwa bunduki milioni 3 za ziada ziliuzwa katika miezi ile, na kwamba kutokana nazo watu 60 zaidi walikufa kwa ajali za risasi. Theluthi moja yao walikuwa watoto. Idadi hiyo inakaribia kuwa sawa na ya watoto waliouawa Sandy Hook kwenyewe.

Utafiti mwingine, wa Michael Luca, Deepak Malhotra na Christopher Poliquin, uligundua kuwa baada ya mauaji makubwa ya risasi, miswada kuhusu silaha huongezeka kwa asilimia 15 katika jimbo husika. Ila katika mabunge ya majimbo yanayotawaliwa na chama cha Republican, sheria za kulegeza masharti ndizo zilizopanda, kwa asilimia 75. Mauaji ya namna hiyo ni sehemu ndogo sana ya vifo vyote vya risasi nchini humo. Mwaka 2021 vifo hivyo vilifika 48,830, na zaidi ya nusu yake vilikuwa vya watu waliojiua, ambao hakuna kamera inayowakimbilia.

Je, wajua kwamba uandishi wa habari ukibadilika, vifo vinaweza kupungua? Miaka ya 1980 magazeti ya Vienna, Austria, yaliandika kwa vishindo habari za watu waliojiua katika reli ya chini ya ardhi, na idadi yao ikawa inapanda. Mwaka 1987 wataalamu waliyapa magazeti mwongozo: punguza ukubwa wa habari, usieleze kwa undani namna kifo kilivyotokea. Magazeti yakakubali. Ndani ya miezi michache vifo na majaribio ya kujiua katika reli hiyo vilipungua kwa takriban asilimia 75.

Kwetu Afrika Mashariki bunduki haziuzwi kama Marekani, lakini swali la picha na majina limeshatugusa. Januari 15, 2019, magaidi walipoishambulia hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi na kuua watu 21, gazeti la The New York Times lilichapisha picha ya maiti wakiwa bado mezani. Wakenya waliwaka mtandaoni, na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likalitaka gazeti hilo liiondoe. Nami nilikuwa upande wao, na bado niko.

Dar es Salaam ilipata lake Agosti 25, 2021, karibu na ubalozi wa Ufaransa, eneo la Daraja la Selander. Mtu mmoja aliwaua askari polisi 3 na mlinzi 1 wa kampuni binafsi kabla ya yeye kuuawa. Baada ya uchunguzi, polisi walieleza kuwa alikuwa akijifunza ugaidi kupitia kurasa za mitandaoni. Video zake akitembea barabarani na bunduki mkononi zilikuwa zimeshaingia kwenye mitandao kabla ya jua kuzama siku ileile, zikiwa zimerekodiwa na sisi na kutumwa na sisi.