Je, Wajua? Baba Mlezi wa Majini

Je, wajua kwamba besi, samaki anayeziamsha familia nyingi alfajiri katika milima ya Appalachia, Marekani, hulelewa na baba peke yake? Maji yakifika joto la nyuzi 15 hivi, dume wa besi mdomo mdogo hufagia changarawe kwa mkia mpaka apate kishimo safi. Jike huja, hutaga maelfu ya mayai, kisha huenda zake. Dume hubaki akiyapepea kwa mapezi ili yasifunikwe na tope. Vifaranga wakishaanguliwa huendelea kuwalinda, pengine kwa wiki kadhaa, huku yeye mwenyewe akila kidogo sana.

Ndiyo maana msimu huo hunaswa kwa urahisi: huirukia ndoana kwa kumfukuza mvamizi, wala si kwa njaa. Akishatolewa, samaki wadogo aliokuwa akiwazuia hukivamia kiota na kula mayai. Katika Ziwa Opinicon, Kanada, watafiti waliona kwamba dume aliyekaa nje ya maji huchelewa kurudi, na madume wengine hukitelekeza kiota moja kwa moja. Kwa hiyo picha na ipigwe upesi, samaki arudi kwa wanawe. Afadhali zaidi asiguswe kabisa hadi walezi wote wamalize kazi.

Je, wajua kwamba hata mtoto anaweza kumshika besi mdomoni? Meno yake ni madogo, yenye kukwaruza kama msasa. Kidole gumba hutiwa ndani ya mdomo wa chini. Aliye mkubwa ategemezwe tumbo kwa mkono wa pili, maana uzito wake huweza kumuumiza taya. Katika jimbo la North Carolina, mtoto wa chini ya miaka 16 hahitaji leseni ya kuvua.

Je, wajua kwamba Ziwa Fontana, maarufu kwa besi katika jimbo hilo, limetengenezwa na watu? Bwawa lake, lenye kimo cha mita 146, lilianza kujengwa mwaka 1942 kwa sababu viwanda vya alumini vya wakati wa vita vilihitaji umeme. Mji wa Judson ulizama, na familia nyingi zikahamishwa kutoka bondeni. Makaburi ya wazee wao yalibaki ng'ambo ya kaskazini, ambako njia za kufikia zilikatwa na maji. Mpaka leo wazao wao huvushwa kwa boti siku maalumu za kiangazi, wakayasafishe na kuyawekea maua. Mvuvi anayepita na wanawe ziwani humo anastahili kuwaeleza habari hiyo.

Je, wajua kwamba besi mdomo mkubwa wa kilo 10, aliyevuliwa na George Perry huko Georgia mwaka 1932, aliliwa na familia yake? Rekodi hiyo ya uzito ilifikiwa mwaka 2009 tu, na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani.

Na wajua kwamba jamaa zake wako Kenya? Besi mdomo mkubwa aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 na kutiwa katika Ziwa Naivasha, lililo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana walifuata mwaka 1970, na besi wa Naivasha wakawafanya chakula chao.