WOGA WA SIDA: NAMNA YA KUNGOJA KIPIMO NA KUKISADIKI



Mara nyingi katika ukurasa huu tunasema juu ya kofia, viatu vya kazi, mavumbi na mashini. Leo tunasema juu ya kitu kisichoonekana kwa macho, lakini kinachoweza kumwangusha mtu kazini sawa na jiwe: ni woga wa SIDA. Mtu alilala na mwanamke mara moja, mbali na nyumba, bila kapoti. Tangu siku ile hapati usingizi. Akitoa jasho usiku anasema: «Imefika.» Akikohoa, anahesabu. Amekwisha kupimwa, wakamwambia hana kitu, lakini hasadiki. Anakwenda kupimwa mahali pengine. Na asubuhi anapanda kwenye gari kubwa la mgodi, macho mekundu, akili iko mbali. Hapo si jambo lake peke yake tena. Ni jambo la usalama wetu wote.

VIRUSI VINAPITA WAPI?

VIH inapita kwa njia tatu: kulala na mtu mwenye virusi bila kinga, damu kuingia katika damu, kama kwa sindano au wembe uliotumiwa na mwingine, na mama kumpa mtoto wakati wa mimba, wa kuzaa au wa kunyonyesha.

VIH haipiti kwa kuoga pamoja baada ya kazi, wala kwa choo, kikombe, sahani, koleo, mkono wa salamu au mbu. Mwenzako akiumia, usimkimbie. Vaa glavu, umsaidie. Kama damu yake imeangukia ngozi yako isiyo na kidonda, osha kwa maji na sabuni, inatosha. Lakini ikiingia katika kidonda au machoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali mara moja.

KIPIMO KINATAFUTA NINI?

Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidole, hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili unawafanya ili kupigana na virusi. Mwili unahitaji muda ili kuwafanya askari hao. Kwa hiyo kipimo cha kidole kinaweza kuonyesha VIH kati ya siku ya 23 na siku ya 90 baada ya virusi kuingia. Kipimo cha laboratori kinachotumia damu ya mshipa, na kinachotafuta pia kipande cha virusi, kinaweza kuona mapema zaidi, kati ya siku ya 18 na ya 45.

Maana yake ni hii: ukipimwa kesho yake, kipimo kinasema juu ya maisha yako ya zamani, hakisemi neno juu ya usiku wa jana. Lakini ukipimwa baada ya miezi mitatu kamili, bila kujihatarisha tena katikati, na jibu likawa «hakuna», basi hakuna. Ukipimwa mara kumi zaidi, jibu halitageuka. (Kama ulikuwa unakunywa dawa za kuzuia VIH, munganga ndiye atakayekupa tarehe ya kipimo cha mwisho.)

NA KIPIMO KIKISEMA «VIKO»?

Usijihukumu kwa kipimo kimoja. Shirika la Afya Ulimwenguni linataka kipimo cha haraka kivumbue angalau watu 99 katika 100 wenye virusi, na kiseme kweli kwa angalau 98 katika 100 wasio navyo. Ni kizuri sana, lakini tufanye hesabu. Chukua watu 1000, na 10 kati yao wana virusi. Kipimo kitawaona hao 10. Lakini katika wale 990 wazima, kinaweza kukosea kwa watu 20 hivi. Watu 30 watatoka na jibu la «viko», na 10 tu ndio wagonjwa kweli!

Ndiyo maana tangu mwaka wa 2019 shirika hilo linaagiza vipimo vitatu vya namna mbalimbali, na vyote vikubaliane, kabla ya kumwambia mtu kwamba ana VIH. Uliza bila haya: «Munganga, mmepima kwa vipimo vingapi?» Hiyo ni haki yako.

Na kama ni kweli, si mwisho wa maisha. Dawa zinazochanganywa, zilizoanza kuenea katika mwaka wa 1996, zinafunga virusi. Anayezinywa kila siku na virusi vyake vikashuka hata laboratori isivione, hamwambukizi mwenzake kwa kulala naye. Anafanya kazi, anazaa watoto wazima.

NAMNA YA KUTULIZA MOYO

1. Usingoje kama hatari ni ya leo. Kabla ya saa 72 kupita kuna dawa za kuzuia, zinazonywewa siku 28. Kila saa ina faida. Kimbia hospitali.

2. Andika tarehe mbili kwenye kalenda: siku ya hatari, na siku ya miezi mitatu. Pima siku munganga aliyokuambia, si kila Jumatatu. Katikati, tumia kapoti, hata nyumbani.

3. Usisome SIDA katika kila kikohozi. Woga wenyewe unaleta jasho, moyo kupiga, tumbo kuharibika, kukosa hamu ya chakula na kukonda. Na kwa mtu wa mgodi, kikohozi kinaweza kutoka kwa mavumbi ya mawe au kifua kikuu. Kikipita wiki mbili, mwone munganga.

4. Usizamishe woga katika lutuku. Pombe inaiba usingizi, na inamrudisha mtu palepale penye hatari.

5. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Mama, bwana akikuambia woga wake, msikilize kwanza. Kisha mwende kupimwa ninyi wawili.

6. Kama hukulala, mwambie mkuu wako wa kazi kwamba hukulala. Sababu ni siri yako. Afadhali siku moja mbali na mashini kuliko kuumiza wenzako.

7. Kama jibu la mwisho limesema «hakuna» na woga bado upo wiki kwa wiki, usitafute kipimo kingine. Sasa ugonjwa ni woga wenyewe, nao una matunzo yake. Mwambie munganga hivyohivyo.

SIRI NA KAZI

Wengi wanakimbia kipimo kwa kuogopa kupoteza kazi. Mjue kwamba sheria ya nchi yetu namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wenye VIH. Shirika la Kazi la Ulimwengu nalo, katika agizo lake namba 200 la mwaka wa 2010, linasema mfanyakazi asilazimishwe kupimwa wala kutangaza hali yake. Jibu ni lako.

Ndugu, kipimo hakileti ugonjwa wala hakiuondoi. Kinakuonyesha tu njia ya kufuata. Pima kwa wakati wake, sadiki jibu, ulale usingizi, urudi kazini na macho yaliyo wazi.