Jina la Mtoto na Nafasi Yake Darasani: Usonji na Tofauti za Ujifunzaji katika Mazingira ya Ufipa

1.0 Utangulizi

Mwazye ni kijiji cha uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Mtoto akuliaye katika mazingira ya Kifipa huingia shule ya msingi akafundishwa kwa Kiswahili, na watoto walio wengi huvuka daraja hilo kwa muda mfupi. Yuko, hata hivyo, yule asiyegeuka aitwapo, arudiaye swali la mwalimu badala ya kulijibu, na azibaye masikio kengele ipigwapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina apewalo mtoto wa namna hiyo ndilo huamua msaada atakaoupata.

2.0 Suala la istilahi

Lugha ya mazoea ina majina tele: mkaidi, zezeta, taahira, bubu. Kila moja limebeba hukumu. Aitwaye mkaidi huchapwa. Aitwaye zezeta huachwa nyumbani. Kitaaluma, hali inayozungumziwa ilielezwa na Leo Kanner mwaka 1943, kutokana na watoto 11 aliowachunguza nchini Marekani. Kiswahili kina istilahi mbili zake: usonji, iliyozoeleka Tanzania, na tawahudi, itokanayo na neno la Kiarabu lenye mzizi wa dhana ya umoja.

Usonji hauambukizi, wala hautokani na laana au malezi mabaya. Ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, mahusiano na namna ya kupokea sauti, mwanga na mguso. Baadhi ya wenye usonji wana ulemavu wa akili, wengine hawana. Kwa hiyo taahira haliwezi kuwa kisawe chake.

3.0 Utambuzi penye lugha mbili

Ukimya wa mtoto shuleni unaweza kuwa na sababu zaidi ya moja. Akiwa mchangamfu nyumbani kwa Kifipa na kimya darasani tu, yaelekea kikwazo ni ugeni wa lugha au woga. Usonji hujitokeza katika lugha zote mbili. Hivyo mwalimu hana budi kuwauliza wazazi jinsi mtoto anavyoomba chakula, anavyocheza na wenzake na anavyoitika kwao. Na usikivu wake upimwe kabla ya hitimisho lolote.

Ugumu mahususi wa kusoma nao una sura yake. Kwa kuwa tahajia ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu, mwenye ugumu huo aghalabu hujulikana kwa kusoma polepole mno kuliko kwa kukosea maneno. Asipoangaliwa kwa makini, hudhaniwa mvivu.

4.0 Msaada darasani

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma pamoja na wenzake. Viko vitengo maalumu, kama kile cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, na Chuo cha Patandi, Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Lakini Dar es Salaam ni mbali na Mwazye. Mwalimu wa kijijini aanze na alicho nacho.

Tuchukue mfano wa ntumba, matuta ya Wafipa. Nyasi hufukiwa chini ya udongo, maharage hupandwa juu yake, na msimu ufuatao matuta hubomolewa ili ulezi upandwe. Mwalimu anaweza kuchora hatua hizo kwenye vipande vya boksi, mtoto akazipanga kwa zamu. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hushika vyema kile akionacho kuliko akisikiacho, na mpangilio usiobadilika humtuliza. Kwa njia hiyo hiyo ratiba ya siku yaweza kuchorwa. Aketi mbali na kelele. Apewe agizo moja kwa wakati mmoja. Aonywe mapema kabla ya badiliko lolote. Kiboko hakina nafasi hapa, kwani kisichoeleweka hakifundishiki kwa maumivu.

Ni kweli kwamba darasa lenye wanafunzi wengi humwelemea mwalimu mmoja. Hata hivyo, picha na maagizo mafupi huwafaa pia wale wanaojifunza Kiswahili kwa mara ya kwanza.

5.0 Hitimisho

Istilahi sahihi haimponyi mtoto, wala hahitaji kuponywa. Kazi yake ni kuwaondolea walimu na wazazi hukumu, ili waulize swali lililo bora: mtoto huyu anajifunzaje? Wanaisimu wana wajibu wa kuifikisha istilahi hiyo vijijini, na kuifafanua kwa Kifipa pia.