Kumbukumbu ya Ndoa, Sikukuu ya Nyumbani



Wapendwa wasikilizaji, leo tutafakari juu ya siku moja ambayo wanandoa wengi huikumbuka moyoni, lakini hawaitendei neno: siku ile waliposimama mbele ya altare na kupeana ahadi. Siku hiyo hurudi kila mwaka. Mbona katika nyumba nyingi hupita kimya kama siku yoyote ya kazi?

Sababu kubwa ni fedha. Tumezoea kuona jubilei ya ndoa ikiandaliwa kama harusi ya pili: kamati, kadi za michango, ukumbi, keki, sare na mpiga picha. Si vibaya ndugu na majirani kuchangia furaha ya wenzao. Lakini desturi hiyo imetuzoesha, bila sisi kukusudia, kuamini mambo mawili yasiyo kweli: kwamba ndoa hustahili kukumbukwa ikiwa tu imefikisha miaka 25 au 50, na kwamba asiye na fedha hana la kuadhimisha. Basi mume mwenye miaka saba ya ndoa hunyamaza kwa aibu, na mke wake hunyamaza asije akaonekana anadai. Wengine hukopa, na deni la siku moja huzaa ugomvi wa miezi mingi.

Kanisa halifikiri hivyo. Misale yetu ina sala za Misa kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa: zipo za mwaka wa 25 na za mwaka wa 50, lakini zipo pia za mwaka wowote ule. Maana yake ni nzito. Sakramenti ya Ndoa haikuisha siku ya harusi. Neema iliyotolewa siku hiyo inaendelea kutenda kazi, jikoni na shambani, katika ugonjwa na katika malezi. Kuikumbuka siku hiyo ni kurudi kwenye chemchemi na kuchota tena.

Tutazame mfano mmoja. Luigi na Maria Beltrame Quattrocchi walifunga ndoa mjini Roma tarehe 25 Novemba 1905. Luigi alikuwa mwanasheria. Walijaliwa watoto wanne. Mwaka 2001 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza wenye heri wote wawili pamoja, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa mume na mke. Kwa kawaida Kanisa huwakumbuka wenye heri na watakatifu katika siku waliyofariki. Lakini kwa hawa wawili lilichagua tarehe 25 Novemba, siku yao ya ndoa. Kana kwamba Kanisa latuambia: njia yao ya utakatifu ilianzia hapa.

Tena, wapo Watakatifu Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Walioana tarehe 13 Julai 1858. Zélie alifariki mwaka 1877, baada ya miaka 19 ya ndoa. Jubilei ya fedha hawakuiona. Je, ndoa yao ilikuwa pungufu? Louis, fundi saa, alifunga duka lake siku za Jumapili, ingawa wateja walikuwapo. Alipenda kuvua samaki na kutembea mashambani pamoja na binti zake. Furaha ya namna hiyo haikuhitaji ukumbi.

Sasa, siku hiyo tuiadhimishe vipi? Nawapeni mambo manne.

Kwanza, shukrani. Kama Misa ipo, nendeni pamoja. Mwaweza kumwomba padre aombee nia yenu. Kama padre yuko mbali, salini nyumbani. Tobia na Sara, usiku wa arusi yao, walisali chumbani mwao wawili peke yao, na Mungu akawasikia.

Pili, upatanisho. Wahenga walisema kwamba vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Yapo maneno yaliyosemwa katikati ya mwaka ambayo bado yanauma. Kabla ya kula, mume na mke wajitenge kidogo, kila mmoja aombe msamaha kwa jambo moja analolijua, na ashukuru kwa jambo moja alilotendewa. Hili halina gharama, lakini ndilo gumu kuliko yote. Kuku na keki bila hili ni kelele tu.

Tatu, masimulizi. Baada ya chakula cha kawaida cha nyumbani, toeni picha ya harusi kabatini. Waelezeni watoto mlivyofahamiana, nani alitumwa kupeleka posa, mvua ilivyonyesha siku ile, babu alisema nini. Mtoto anayesikia kwamba nyumba yake ilianza kwa ahadi iliyotolewa mbele ya Mungu, hujifunza ndoa kabla hajafika kwenye mafundisho ya uchumba.

Nne, tokeni nje. Tandikeni mkeka chini ya mwembe, au mwende mtoni, ufukweni, kilimani, au shambani kutazama mahindi. Nyumbani kazi hutuita kila upande. Huko nje mama hupumzika, baba hupata nafasi ya kusikiliza, na watoto hucheza na wazazi wao. Bwana mwenyewe aliwaita wanafunzi wake waliochoka wajitenge na watu, wapumzike. Na umati ule aliulisha kwa mikate mitano na samaki wawili, ukiwa umeketi penye majani.

Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliwahimiza wanandoa wawe na desturi zao ndogo za kila siku, kama kubusiana asubuhi na kubarikiana jioni. Lakini pia wayavunje mazoea kwa kusherehekea pamoja kumbukumbu za familia.

Makatekista, mnaweza kusaidia sana. Tarehe za ndoa zimo katika daftari la parokia. Jumuiya ikizijua, itawataja wanandoa katika sala ya juma hilo, bila kumtoza mtu mchango. Msiwasahau wajane, ambao siku hiyo huwa nzito kwao kuliko siku nyingine. Mmoja wenu awatembelee. Msiwasahau wasiojaliwa watoto, kwa maana ndoa yao ni ndoa kamili. Na wanaoishi pamoja bila Sakramenti wasionewe; waoneshwe uzuri wake, wapate kuitamani.

Wapendwa, kule Kana divai ilikwisha katikati ya karamu. Yesu hakuuliza wenyeji wana fedha kiasi gani. Aliagiza mabalasi sita ya mawe yajazwe maji, kitu kilichokuwapo. Nanyi mpeni kilichopo: mkeka, uji, mchana mmoja, neno la msamaha. Yeye ndiye anayegeuza maji kuwa divai.

Mungu azibariki ndoa zenu. Amina.