Wakili mcheza kriketi aliyekabidhiwa makoloni

Msikilizaji ametuuliza: zamani Waingereza waliwatoa wapi watu wa kutawala nchi za mbali? Tumjibu kwa kisa cha Alfred Lyttelton.

Alizaliwa London mwaka 1857, mtoto wa bwana mkubwa, akasoma Eton na Cambridge. Mwaka 1881 akawa wakili. Michezo aliicheza kwa ridhaa, yaani bila kulipwa, jambo ambalo watu wa tabaka lake walijivunia sana (chakula walikuwa nacho tayari!). Alikuwa mtu wa kwanza kuichezea Uingereza mpira wa miguu na kriketi pia.

Katika kriketi, mrushaji hulenga vijiti vitatu vilivyosimamishwa, mpigaji huvilinda kwa gongo, na nyuma ya vijiti hukaa mdakaji. Lyttelton alikuwa mdakaji. Agosti 1884, jijini London, Waaustralia walipiga mpira mpaka wakapita pointi 500, na warushaji wa Uingereza wakaishiwa mbinu. Ndipo mdakaji akapewa mpira. Akavua glavu, akarusha kwa mkono wa chini, taratibu, kama watoto wanavyocheza, na akawatoa wapigaji wanne!

Mwaka 1903 mtu huyo akawa Waziri wa Makoloni. Tarehe 1 Aprili 1905 usimamizi wa Kenya na Uganda ukahamishiwa wizarani kwake. Sisi wa huku Kiomboi wakati huo tulikuwa chini ya Wajerumani.

Kilichomwangusha ni Afrika Kusini. Mwaka 1904 aliidhinisha sheria ya kuleta vibarua kutoka China kwenye migodi ya dhahabu ya Transvaal. Walikuja zaidi ya 60,000. Hawakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, wala kufanya kazi za ufundi, na mkataba ukiisha walirudishwa kwao. Baadaye ikabainika kuwa walichapwa viboko bila kufikishwa mbele ya hakimu. Ndugu msikilizaji, waziri mwenyewe ni mwanasheria! Alipojua aliamuru viboko vikome, lakini vibarua walikuwa wameshaumia, na wapinzani wake bungeni waliuita mpango mzima utumwa.

Uchaguzi wa 1906 ulimnyang'anya kiti chake cha ubunge. Alirudi bungeni baadaye, na kriketi hakuiacha. Mwaka 1913 mpira ulimpiga akiwa mchezoni, jeraha likageuka jipu la ndani, na tarehe 5 Julai akafariki, akiwa na miaka 56.