Utitiri wa Nyoka: Tiba Huanzia Kizimbani

Anayetembelea bustani ya wanyama watambaao ya Mutomo, Kitui Kusini, huwazia sumu ya koboko na swila. Mtunza nyoka popote pale ana adui mwingine wa kumhofia: utitiri, kidudu cha milimita moja hivi kinachonyonya damu.

Kitaalamu huitwa Ophionyssus natricis. Hujibanza chini ya magamba, kandokando ya macho na chini ya kidevu. Nyoka aliyevamiwa hushinda majini, hujivua gamba vipande vipande na kususa chakula. Akizidiwa, hupungukiwa damu na kufa. Kagua chombo chake cha maji: vitone vyeusi vilivyozama huenda ni utitiri.

Wengi hushindwa kwa kuwa humtibu nyoka peke yake. Utitiri jike akishashiba hushuka na kutaga mayai kwenye nyufa na chini ya matandiko, penye unyevu. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, yai huwa utitiri mzima kwa wiki mbili hadi tatu hivi. Ukame wa Mutomo si kinga, maana kizimba chenye beseni la maji kina unyevu wake.

Kwa hiyo, siku ya kumpa nyoka dawa ndiyo siku ya kutupa matandiko na magogo, kuosha kizimba kwa maji moto sana na kuziba nyufa. Tandika magazeti na uyabadilishe mara kwa mara. Dawa ichaguliwe na daktari wa mifugo, nayo irudiwe kwa wiki kadhaa ili iwapate walioanguliwa baadaye.

Usikimbilie ivermektini wanayonunua wafugaji wa mbuzi kwenye agroveti. Nyoka wa nusu kilo huhitaji chini ya tone moja, hivyo kuzidisha ni rahisi. Kwa kobe, dawa hiyo ni sumu inayoua.

Kinga kuu ni karantini. Nyoka mgeni atengwe siku 60 hadi 90 katika chumba chake, ahudumiwe mwisho, na ndoano ya kumshikia isitumike kwingine.

Kumbuka pia kuwa Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 hairuhusu kufuga nyoka bila kibali. Ukimkuta nyoka nyumbani, usimshike wala kumfungia kwenye ndoo; wapigie simu Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya (KWS).